Rangi na mchicha katika ua mmoja: tuliyojifunza kwa kuendesha nyumba ya sanaa yenye bustani ya mtaa

Karibu kila anayekuja kutuuliza namna ya kufungua nyumba ya sanaa ya mtaani huanza na kuta: zipakwe rangi gani, taa zikae wapi, maonyesho ya kwanza yawe lini. Sisi humuuliza kwanza koki iko wapi, maji ya kuoshea brashi yanaelekea upande gani, na mwenye kiwanja ameandika nini kuhusu miti. Hayo matatu ndiyo yaliyotugharimu zaidi, kwa fedha na kwa machozi. Sanaa yenyewe haikuwahi kutushinda. Vilivyotushinda ni vile vitu vya wote visivyo na jina la mtu: koki, ufunguo, LUKU ya umeme, lundo la mboji. Tunaandika kwa ajili ya vikundi vya Dar es Salaam, na vya miji mingine ya pwani yenye mchanga, joto na masika kama yetu.

Tulipoanza kutafuta mahali, macho yetu yalikuwa kwa waliotutangulia. Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, imetumia makontena kama karakana za wasanii. GoDown ya Nairobi ilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la eneo la viwanda. Tukaamini na sisi tunahitaji ghala. Ghala lina paa kubwa, lakini ua wake mara nyingi ni zege tupu, na joto la saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari halimwachi mtu ashike brashi. Kwa kikundi kidogo, nyumba ya kawaida ya vyumba vinne au vitano yenye ua inafaa zaidi. Nenda ukaione mara tatu. Nenda asubuhi, uone jua linaanzia wapi, maana mboga za majani zinataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, ilhali mchoraji anataka mwanga usiomchoma. Nenda usiku, usikie jirani ni nani. Kisha nenda mvua ikinyesha, na hii usiiache. Ua unaoonekana tambarare wakati wa kiangazi unaweza kuwa ndio njia ya maji ya mtaa mzima.

Hesabu ya kuingia inaumiza. Wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Tuseme kodi ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 4,200,000, ongeza 700,000 za dalali, ni 4,900,000 kabla hujapigilia msumari hata mmoja. Kosa la vikundi vingi, na letu pia, ni kumaliza akiba yote hapo. Ukiwa na milioni saba mkononi, usitafute nyumba itakayokula milioni saba. Tafuta ya milioni nne, nyingine iende kwenye tanki, gata, makufuli, choo na kodi ya miezi mitatu ya nusu ya pili. Miezi 6 ya kwanza hupita kama usiku mmoja, na katika kipindi hicho nyumba haiingizi chochote cha maana. Jambo jingine ambalo halisemwi mezani: kikundi au biashara inayopanga inatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu. Mwenye nyumba asiyelijua hilo atadhani mnampunja. Mwambieni kabla ya kupeana mikono, iandikwe kwenye mkataba nani anabeba nini.

Halafu miti. Mama mwenye nyumba aliposikia neno bustani, uso wake ulibadilika. "Wanangu," akasema, "mkipanda mwembe hapa, kesho kutwa mtaniambia ni shamba lenu." Tulichukulia kama utani wa mtu mzima, nasi tulikosea. Kwenye ardhi yetu, mti wa kudumu ni ushahidi. Anayepanda mnazi au mwembe huonekana ameweka alama, na watu wameburuzana mabaraza ya ardhi kwa sababu ya miti. Hofu ile ina msingi, ipewe heshima yake. Kifungu kinachotuliza pande zote mbili kina mambo manne: kwamba mpangaji atapanda mboga na mazao ya muda mfupi tu, kwamba mti wowote wa kudumu utapandwa kwa ruhusa ya maandishi na utakuwa mali ya mwenye nyumba, kwamba matuta, magunia, tanki, makontena na mapaa ya muda ni mali ya kikundi na yataondolewa mkataba ukiisha, na kwamba notisi ya kuondoka ni miezi 6, si mmoja. Hicho cha mwisho pigania hadi dakika ya mwisho. Bustani haihamishwi kwa mwezi mmoja, wala maonyesho yaliyokwisha kutangazwa. Mipapai na migomba huleta ubishi kwa sababu inakaa mwaka na zaidi, kwa hiyo itajeni kwa jina kwenye mkataba.

Usajili tuupitie haraka. Anza na ofisi ya serikali ya mtaa. Nendeni wawili au watatu, mpeni mwenyekiti shikamoo yake, mwelezeni mnachofanya na mpelekeeni barua. Mwenyekiti anayewafahamu atawasaidia siku jirani analalamika, asiyewafahamu atakuja na mgambo. Kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata, afisa utamaduni wa manispaa, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa shughuli za sanaa, na TIN, namba ya mlipakodi. Msifanye onyesho la wazi bila kibali mkidhani ni la watu wachache. Fungueni akaunti ya benki ya watia saini watatu ambapo wawili lazima wasaini, na fedha ya kikundi isikae kwenye simu ya mtu hata kama ni mwaminifu kama malaika. Siku simu inaibwa, uaminifu wake hautaonekana.

Sasa maji. Hapa msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo bustani nyingi za mjini hufa huku watu wakilaumu mbegu.

Kiangazi cha pwani, tuta la mboga za majani linataka karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta 20 ya mita 1 kwa 4 ni mita za mraba 80, yaani lita 400 kila siku. Simtanki la lita 5,000 likijaa pomoni ni la siku 12, na hapo hakuna aliyeosha brashi, kupika wala kwenda msalani. Bomba likikatika wiki mbili, umekwisha. Kwa hiyo idadi ya matuta iamuliwe na maji, ukubwa wa ua usiwadanganye. Kama mna tanki moja, anzeni na matuta 8. Tulianza na yote mara moja kwa sababu kila mtu alitaka tuta lake, na mwezi wa nane tukabaki na vumbi lenye majina ya watu kwenye vibao.

Mvua ya paa ni zawadi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,000, na ukitoa zinazorukia nje ya gata zinabaki kama 800. Mvua mbili kama hiyo za vuli, tanki linafika karibu theluthi bila senti. Maji ya mwanzo ya kila mvua, lita 20 hadi 40 kwa paa la ukubwa huo, yasiingie ndani: yana kinyesi cha ndege, majani na vumbi la miezi. Fundi bomba ataweka bomba la kusimama lenye kifuniko chini. Likijaa, maji safi ndiyo yanayoendelea kwenda tankini. Kifuniko hicho lazima kifunguliwe baada ya kila mvua, na huyo wa kukifungua awe na jina.

Tanki lililojaa lina uzito wa tani 5. Tuliwahi kuliweka juu ya jukwaa la mbao kwa sababu lilikuwa rahisi, mchwa wakaingia miguuni kimyakimya, na siku moja tukalikuta limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Lilishushwa kabla halijaanguka, kwa bahati tu. Jenga msingi wa tofali za saruji na zege juu yake, kimo cha mita 1 kinatosha kujaza keni na kusukuma maji polepole kwenye mpira. Na kama kuna kisima uani, onja maji kabla ya kufurahi. Visima vingi vya Dar vina chumvi kwa sababu bahari imepenya chini. Dalili yake kwenye mboga ni kingo za majani kuungua na kukauka ingawa udongo una unyevu. Maji ya namna hiyo tumieni kusafishia choo na sakafu, au changanyeni na ya mvua, na msiyamwage juu ya majani.

Udongo wa pwani ni mchanga unaopitisha maji kama chujio. Ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, ichanganywe hadi kina cha jembe, kisha irudiwe kila msimu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche, iache iive miezi miwili hadi mitatu. Lundo la mboji lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo halipati joto: tabaka la majani makavu, tabaka la mabaki ya jikoni, maji ya kulowesha tu, ligeuzwe kila wiki mbili. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikitoka kikavu, ongeza maji. Kikinuka kama yai bovu, maji yamezidi, liongezee makavu na uligeuze. Kiangazi matuta yawe ya kuzama, chini ya usawa wa njia, yashike maji. Masika yainuliwe sentimita 20 juu ya njia, mizizi isizame. Ni udongo uleule, unabadilishwa umbo mara mbili kwa mwaka. Upana usizidi mita 1.2, ili mtu afike katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani.

Mchicha ndio mwalimu wa kwanza. Mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga zisijazane sehemu moja. Siku 21 hadi 28 unavuna, na anayeona matokeo ndani ya mwezi si rahisi akate tamaa. Matembele yanavumilia uzembe. Bamia na nyanya kwenye mchanga wetu hushambuliwa na minyoo fundo: mmea unadumaa, ukiung'oa mizizi ina vinundu kama shanga. Usirudishe bamia au nyanya pale pale, panda zao jingine lisiloshambuliwa, na mizizi ile isitupwe kwenye mboji. Mambo mengine ya wadudu mabibi wa mtaa wanayajua kuliko sisi, waulizeni wao. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakichujwa na kutiwa sabuni kidogo, yalifundishwa uani kwetu na jirani aliyekuja kuomba kisamvu.

Jambo tunalotaka kulisema kwa sauti kubwa kuliko yote ni rangi. Nyumba ya sanaa na bustani ya chakula kwenye ua mmoja ni hatari ambayo haionekani kwa macho, na wengi hawaifikirii mpaka wauone upinde wa rangi ukielea kwenye mfereji wa matuta. Mtindo wa Tingatinga ulianza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli, juu ya hadibodi. Mpaka leo wachoraji wengi wa mtindo huo hutumia rangi ya namna hiyo, na brashi zake zinasafishwa kwa mafuta ya taa, petroli au tina. Mchoraji aliyechoka saa kumi na mbili jioni husuuza brashi kwenye kopo na kulimwaga mahali palipo karibu, penye udongo laini. Udongo laini ni tuta la mtu. Rangi nyingine zina risasi, kadimiamu na madini mengine, na mboga za majani zina tabia ya kuyavuta hayo. Mchicha utaota vizuri tu, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu hautakuonya.

Utaratibu unaofaa ni huu, na haugharimu zaidi ya ndoo. Kwa rangi ya maji na akriliki, futa brashi kwanza kwa gazeti au kitambaa hadi isiache alama. Hatua hiyo peke yake inaondoa rangi nyingi. Kisha ndoo tatu kwa mstari: ya kwanza chafu, ya pili nafuu, ya tatu safi. Ya kwanza ikijaa tope, imimine kwenye pipa la kutulia, tia shabu iliyosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20 ni kipimo cha kuanzia, koroga na uiache ilale. Asubuhi rangi imekaa chini kama matope na maji juu yameng'aa. Yachote taratibu, uyachuje kwa kitambaa kizito, uyamwage chooni, kamwe si bustanini hata yakionekana safi ya kunywa. Tope changanya na maranda, likauke juani kwenye beseni lisilofikiwa na watoto, lifungwe na liende na taka. Kwa rangi ya mafuta, tina iliyotumika iwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, siku mbili rangi hushuka chini, ya juu inamiminwa na kutumika tena. Mchoraji atapenda, kwa sababu tina ni ghali.

Matambara yenye mafuta ya kuchorea msiyarundike kwenye kona. Yakikauka yakiwa yamesongamana yanajipasha joto yenyewe hadi kushika moto, bila kiberiti. Yatandazeni moja moja kwenye waya nje, au yalowesheni kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Kuna njia nyingine tatu ambazo rangi huingia bustanini. Ukuta wa zamani ukikwanguliwa ili upakwe upya, vumbi lake huanguka chini kabisa ya ukuta, pale pale watu wanapopenda kuweka tuta kwa sababu ya kivuli. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi. Kwangueni ukuta ukiwa umeloweshwa, tandikeni turubai chini, na msipande mboga ya kula ndani ya mita 1 au 2 kutoka hapo, pandeni maua. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au za plaiwudi yasiende kwenye mboji. Na makopo ya rangi yaliyoisha, yanayovutia sana kama vyungu vya miche, si vyungu vya mboga. Badala yake pandeni mboga kwenye magunia, na kwa kila gunia tumieni kipande cha bomba la plastiki kuwekea nguzo ya kokoto katikati: simamisha bomba, jaza kokoto ndani na udongo wenye samadi kuzunguka, vuta bomba juu, jaza tena, mpaka gunia lijae. Maji hushuka kwenye kokoto na kufika mpaka chini. Bila nguzo hiyo, nusu ya chini ya gunia ni kavu milele.

Kazi za sanaa nazo zina adui wao, na adui huyo ni unyevu uleule ambao bustani inauomba. Chumba cha kuhifadhia kisipakane na matuta. Picha zisimamishwe wima juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 5 kutoka ukutani, upepo upite. Hadibodi ikinyonya maji inavimba kwenye pembe na haitarudi. Kanvasi hupata ukungu mweusi kwa nyuma kabla hamjauona kwa mbele, igeuzeni kila wiki wakati wa masika. Misumari na waya za kutundikia huliwa na hewa ya chumvi ndani ya mwaka, zikaguliwe kabla ya kila onyesho.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu daftari lilikuja baada ya ugomvi wa LUKU. Mtu mmoja akichomelea vyuma kwa mchana mmoja anakula umeme ambao mchoraji mwenye taa moja hautumii kwa wiki nyingi, lakini mchango ulikuwa sawa kwa wote. Hakuna aliyesema neno kwa miezi, kisha siku moja yote yakasemwa kwa pamoja, na wawili waliondoka wakiwa hawasalimiani. Inauma hadi leo, kwa sababu tiba ilikuwa mita ndogo moja kwenye waya wa karakana ya vyuma. Anayechomelea analipa yuniti zake kwa namba, wengine wanagawana zinazobaki. Fungeni mita hiyo siku ya kwanza, kabla hajatokea mwenye kinyongo.

Matuta yaende kwa daftari hilohilo. Kila tuta lina jina, tarehe ya kupewa na namba ya simu. Mwenye tuta akitoweka wiki 3 bila taarifa, apigiwe. Wiki ya nne tuta anapewa anayefuata kwenye orodha, bila mjadala. Zamu za kumwagilia ziandikwe za watu wawili wawili, saa 12 hadi saa 2 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Zamu ya mtu mmoja mmoja ilikufa ndani ya mwezi, kwa sababu aliyekosa hakuwa na wa kumwonea haya. Funguo ziwe tatu, zisizidi, kila moja na saini. Tuta moja karibu na lango lisiwe la mtu: hilo ni la wapita njia, wachume watakavyo. Tangu tuliache hivyo, wizi wa mboga usiku ulipungua sana, na watoto waliokuwa wakiruka ukuta sasa wanaingia mlangoni, Jumamosi, kuchora.

Kuhusu fedha, bustani hailipi kodi ya pango. Tusidanganyane. Kinacholipa ni karakana zinazokodishwa kwa mwezi, mafunzo ya kulipia, na sehemu ya mauzo ya kazi. Asilimia 20 hadi 30 inakubalika kwa wasanii ikiwa inajulikana kabla na fedha ya msanii inatoka ndani ya wiki moja. Msanii akizungushwa mwezi mzima, mnunuzi anayefuata atampeleka kwake nyumbani. Fedha za wafadhili ni nzuri, lakini nyingi hulipia warsha na mabango, hazilipi mlinzi, LUKU wala kuvuta maji machafu. Mkiandika bajeti, gharama za kuendesha nyumba ziwe na mstari wake, na msione aibu kuutetea. Choo peke yake kinataka mtu wa kulipwa. Siku ya onyesho, wageni mia moja na tundu moja la choo, hakuna atakayekumbuka picha.

Majirani tuliwakosea kwa sauti. Spika zilielekezwa kwenye ukuta wa pamoja, mazoezi ya ngoma yakapita juu ya adhana ya magharibi, na tukashangaa kwa nini salamu zimekuwa fupi. Ratiba ya mwezi sasa inapelekwa mkononi, nyumba kwa nyumba, na fungu la mchicha juu yake. Ngoma hukoma kabla ya magharibi, spika zinatazama ndani ya ua, na jirani wa ukuta wa pamoja ana namba ya mtu mmoja wa kumpigia. Amewahi kupiga mara mbili tu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo mtihani wa kila kitu. Februari safisheni gata na mitaro, pandisheni matuta, hamisheni picha za chini. Vyoo vya shimo vya mtaani hujaa na kufurika, na maji hayo hayaulizi mpaka. Matuta yasiwe upande wa bondeni wa choo chochote, chenu au cha jirani. Yakifikiwa na mafuriko, ng'oeni mboga zote za majani, hata zile nzuri ambazo mtu amezingoja wiki tatu. Hakuna kuosha, hakuna kuchemsha ili zisipotee. Acheni udongo ukauke, jua liupige wiki kadhaa, kisha pandeni upya. Mwaka wa kwanza tulisimama juu ya tuta la mwanachama mmoja tukimwomba aachie mchicha wake, naye analia. Tuliung'oa pamoja naye.

Kuondoka nako kuna kazi yake, na vikundi vingi havijiandai kwa sababu vinaona ni uchuro. Miezi 6 kabla ya mkataba kuisha, mwandikieni mwenye nyumba muulize, msisubiri awaambie. Pigeni picha kila ukuta na kila mtaro. Kazi za wasanii zilizobaki zitolewe tangazo, siku 60, kwa masharti ambayo kila msanii alishasaini alipozileta. Mashimo yafukiwe, ukuta urudishiwe rangi yake. Magunia yanabebeka yakiwa nusu, msiyamwagilie siku mbili kabla. Mboji iingie kwenye viroba, ndiyo mali kubwa kuliko inavyoonekana. Na marando ya matembele yakatwe urefu wa sentimita 30 asubuhi ya kuhama, majani ya chini yaondolewe, yafungwe kwenye gunia lenye unyevu. Kivulini hukaa siku mbili hadi tatu bila shida, zinatosha kufika upande wa pili na kupandwa.